Mitambo ya Ghalani: Jinsi Inavyojeruhi, na Haki za Aliyejeruhiwa

Mtu anayeingia ghalani kwa mara ya kwanza huinua macho. Huyaona magunia yaliyopangwa hadi karibu na dari, mapipa yaliyobebana, marobota yaliyoegemezwa ukutani, naye huhofu yasije yakamwangukia. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini hatari iliyo karibu naye zaidi aghalabu huwa chini, nayo ina magurudumu.

Kijitabu hiki kinawahusu watu wanaofanya kazi au kupita karibu na mashine zinazoendeshwa kwa umeme, dizeli au gesi katika maghala: foklifti, matoroli ya umeme ya kubebea paleti, na mikanda ya kusafirishia mizigo. Hatukuwaandikia madereva wa mashine hizo peke yao. Anayejeruhiwa mara nyingi ni yule asiyeziendesha: kibarua aliyeitwa asubuhi kupakua kontena, karani aliyeshika daftari la mzigo, utingo aliyeteremka kufungua turubai, au mteja aliyefuata mifuko yake ya saruji akaambiwa, "Ingia tu, utaiona hapo ndani."

Kwa nini foklifti hupinduka

Mashine hii huonekana nzito na imara, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Foklifti ya kawaida yenye uwezo wa kubeba tani mbili na nusu huwa na uzito wake yenyewe wa takriban tani tatu na nusu hadi nne, yaani zaidi ya mara tatu ya gari dogo la abiria. Uzito huo umewekwa kwa makusudi sehemu ya nyuma, ili ulingane na mzigo ulio mbele.

Anayeujua mzegazega ataelewa mara moja. Mbebaji huuweka mti begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma. Ndoo ya mbele ikiongezwa maji, au ikisogezwa mbali zaidi na bega, mti huinama. Katika foklifti, bega ni magurudumu ya mbele. Ndoo ya nyuma ni uzito wa mashine, ambao haubadiliki. Ndoo ya mbele ni mzigo, ambao hubadilika kila safari.

Kwa sababu hiyo uwezo wa mashine si tarakimu moja tu. Kibao kilichobandikwa karibu na kiti cha dereva hutaja uzito pamoja na umbali: kwa mfano, kilo 2,500 ikiwa kitovu cha mzigo kipo milimita 500 kutoka shina la uma. Paleti yenye mifuko 40 ya sukari ya kilo 50 ina kilo 2,000 pamoja na uzito wa paleti yenyewe, nayo hubebeka. Lakini tuseme mzigo ni mirefu, kama mbao au mabomba, na kitovu chake kipo mita moja kutoka shina la uma. Ikiwa magurudumu ya mbele yapo milimita 450 nyuma ya shina hilo, mashine ileile iliyobeba kilo 2,500 bila shida sasa haiwezi kuzidi kilo 1,600 hivi. Dereva anayeangalia uzito pekee, asiangalie urefu, atashangaa magurudumu ya nyuma yakinyanyuka. Na kwa kuwa usukani wa foklifti huzungusha magurudumu ya nyuma, yakishanyanyuka hana tena njia ya kuiongoza.

Kupinduka kwa ubavu ni habari nyingine, tena ya kuogofya zaidi. Magurudumu ni manne, lakini mashine haikusimama juu ya pembe nne. Ekseli ya nyuma imeshikiliwa katikati kwa pini moja inayoiwezesha kuyumba, hivyo mashine husimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na pini ile. Maadamu kitovu cha uzito kimo ndani ya pembetatu hiyo, mashine imetulia. Kikitoka nje, inaanguka. Mzigo ukiinuliwa juu, kitovu hupanda, na kona ndogo tu huweza kukitoa nje.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya madereva wa miaka mingi hawalijui. Foklifti isiyo na mzigo hupinduka kwa ubavu kwa urahisi pia. Isipobeba kitu, kitovu cha uzito huwa nyuma, karibu na ile pini, mahali ambapo pembetatu ni nyembamba kabisa. Dereva aliyekwisha kushusha mzigo na sasa anarudi mbio kuchukua mwingine, akikata kona kwa kasi, yumo hatarini kama yule aliyebeba. Sakafu yenye shimo, au kipande cha ubao kilichoachwa njiani, humaliza kazi iliyobaki, kwa kuwa mashine hizi kwa kawaida hazina springi za kumeza mtikisiko.

Mashine ikianza kuanguka, mwili wa binadamu humwambia aruke. Asiruke. Mtu huanguka upande uleule inakoelekea mashine, na paa la chuma lililowekwa kumlinda humpata akiwa chini na kumbana. Anachotakiwa kufanya ni kubaki kitini na mkanda umefungwa, kushika usukani kwa nguvu, kukaza miguu sakafuni, na kuegemea upande ulio kinyume na ule wa kuangukia. Mkanda ndio nusu ya somo hilo. Tumewasikia madereva wakisema unawachelewesha, kwa vile wao hushuka na kupanda mara nyingi kwa siku. Ni kweli unawachelewesha, sekunde tatu kila mara.

Kuhusu mwendo, kanuni zilizokubalika ni hizi: uma uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni na mlingoti uinamishwe nyuma kidogo; mzigo ukiziba macho ya dereva, aendeshe kinyumenyume; kwenye mteremko, mzigo uelekee upande wa juu wakati wote, iwe anapanda au anashuka; na asigeuze mashine katikati ya mteremko.

Anayetembea kwa miguu

Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao machoni pa wengi ni wa polepole, foklifti hupita karibu mita tatu kila sekunde. Dereva huhitaji walau sekunde moja kutambua kwamba mtu amejitokeza kati ya safu mbili za magunia na kupeleka mguu kwenye breki. Kwa hiyo mita tatu za kwanza zimekwisha kabla breki haijaguswa, na breki zenyewe katika mashine nyingi hukamata magurudumu ya mbele tu. Akikanyaga kwa ghafla, mzigo wa mbele unaweza kuteleza na kumwangukia mtu yuleyule aliyekuwa akimkwepa.

Lililo gumu kwa anayepita ni kwamba kitako cha mashine hujitupa nje wakati wa kukata kona. Mtu aliyezoea magari ya barabarani husimama ubavuni akiamini kwamba, mbele ikishampita, amesalimika. Kisha nyuma inamfuata na kumbana ukutani. Usisimame kati ya foklifti na kitu kisichosogea, kiwe ukuta, nguzo, lori au safu ya mizigo, hata ikiwa mashine imesimama, madhali dereva yumo na injini inanguruma. Kabla ya kukatiza njia yake, hakikisha amekutazama usoni. Honi haitoshi, kwani ghalani kila mtu anapiga honi na baada ya saa moja masikio hayaisikii tena.

Kusimama chini ya uma ulioinuliwa ni marufuku, uwe na mzigo au usiwe nao. Hali kadhalika kupanda juu ya uma, au juu ya paleti iliyobebwa, ili kufikia mfuko wa juu. Tunaujua utamaduni huu. Umeenea katika maghala ya nafaka, ya saruji na hata ya dawa, na anayekataa huonekana mwoga. Mtu huinuliwa kwa kizimba maalumu chenye kingo, kilichofungwa kwenye mashine iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo, na si vinginevyo.

Toroli la umeme la kubebea paleti, ambalo mwendeshaji hutembea nalo akiwa ameshika mpini, huonekana dogo na lisilo na madhara. Huvunja miguu zaidi ya inavyodhaniwa. Mwendeshaji anayelivuta huku akirudi kinyumenyume huweza kukanyagwa na gurudumu lake au kujibana kati ya mpini na ukuta. Ndiyo maana kwenye ncha ya mpini huwekwa kitufe kikubwa: kikimgusa mwendeshaji tumboni, mashine husimama au kurudi upande wa pili. Kijaribu kila asubuhi kwa kiganja kabla ya kuanza kazi. Ukikuta kimefungwa kwa gundi au kimekufa, toroli hilo lisitumike siku hiyo.

Kwenye mikanda ya kusafirishia mizigo, madhara hutokea pale mkanda unapokutana na roda. Kidole huingia, kisha mkono hufuata, kwa kuwa mashine haijui tofauti ya ngozi na gunia. Nguo zenye mikono mipana, kanga iliyofungwa kiunoni, mtandio, mkufu na nywele ndefu zilizoachwa huru vyote huvutwa. Kamba ya dharura ya kusimamishia mkanda lazima ifikiwe na kila anayefanya kazi kando yake. Kamba iliyofungwa juu ili "isisumbue" ni sawa na kutokuwapo. Na mkanda ukikwama, haukwamuliwi kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu na swichi hiyo kufungwa kwa kufuli, ufunguo wake ukiwa mfukoni mwa anayeukwamua.

Lori mlangoni

Mizigo inapopakiwa, foklifti huingia ndani ya lori na kutoka tena na tena. Kila inapofunga breki ndani, hulisukuma lori mbele kidogo. Baada ya safari kumi au kumi na tano pengo linatokea kati ya ukingo wa ghala na sakafu ya lori, na gurudumu la mbele linazama humo. Yako pia matukio ambapo dereva wa lori, akidhani kazi imekwisha, huwasha gari na kuondoka foklifti ikiwa bado imo ndani.

Dawa yake ni nyepesi. Magurudumu ya lori yawekewe kabari madhubuti (jiwe lililookotwa barabarani si kabari), na ufunguo wa lori akabidhiwe msimamizi wa upakiaji hadi mlango wa nyuma utakapofungwa. Dereva na utingo wasubiri mahali palipotengwa. Ghala lisilo na mahali hapo, hata benchi moja nje ya njia ya mashine, halijajiandaa kupokea watu.

Yasiyoonekana kwa macho

Betri za foklifti za umeme zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Chumba cha kuchajia kiwe na madirisha wazi upande wa juu, kwa maana gesi hiyo hupanda, na pasivutwe sigara. Tindikali ya betri ikiruka machoni, macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali. Mashine za dizeli na za gesi, zikiendeshwa ndani ya ghala lililofungwa au ndani ya kontena, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Wafanyakazi kadhaa wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu siku moja mahali pamoja, wasimlaumu mpishi kabla ya kufungua milango.

Lipo pia jeraha ambalo hata mganga asiyelijua anaweza kulipuuza. Mafuta ya haidroliki yanayoinua uma husukumwa kwa shinikizo kubwa mno. Mpira ukitoboka kitundu kidogo kama cha sindano, mafuta hutoka kama uzi mwembamba unaoweza kupenya ngozi. Fundi anayepapasa mpira kwa mkono akitafuta uvujaji huhisi kama amechomwa na mwiba, huona alama ndogo tu, naye huendelea na kazi. Saa chache baadaye mkono unavimba na nyama ya ndani inaanza kufa. Jeraha hilo huhitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Likicheleweshwa, kidole au mkono huweza kukatwa. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono. Na anayefika hospitali atamke waziwazi kwamba mafuta ya mashine yameingia ndani ya ngozi kwa shinikizo, ili asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu.

Ajali ikitokea

Mashine izimwe kwanza. Kisha damu izuiwe kwa kugandamiza kitambaa safi juu ya jeraha bila kuachia kila mara kuchungulia. Aliyeangukiwa au aliyebanwa kifuani, shingoni au mgongoni asiinuliwe na kuketishwa kwa huruma. Aachwe alivyolala hadi wenye ujuzi wafike, ila kama mahali alipo pana hatari nyingine. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja.

Majeruhi akishaondolewa, pana kishawishi cha kusafisha haraka na kuendelea na kazi. Mahali pa ajali paachwe palivyo kadiri inavyowezekana, na picha zipigwe kwa simu: mashine ilipo, mzigo, sakafu, kibao cha uwezo. Majina ya walioshuhudia yaandikwe siku ileile, kwa sababu vibarua wa leo huenda kesho wasiwepo.

Fidia

Kwa Tanzania Bara, mambo mawili husimamiwa na vyombo viwili tofauti, na watu huvichanganya. Usalama wa mahali pa kazi husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Huko ndiko hupelekwa malalamiko kuhusu mashine mbovu, kukosekana kwa mafunzo, au mfanyakazi kuanzishwa kazi bila kupimwa afya. Fidia ya aliyeumia hutolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Michango ya Mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Mwajiri anayekata mshahara wa mfanyakazi kwa ajili hiyo anavunja sheria.

Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Kauli ya "ulizembea mwenyewe, huna chako" husemwa sana, na wengi huiamini wakaenda zao kijijini na mguu uliovunjika. Wasiondoke. Uamuzi huo si wa msimamizi wa ghala, ni wa Mfuko.

Mafao ni saba: matibabu, fidia ya ulemavu wa muda, fidia ya ulemavu wa kudumu, utengamao, malipo ya anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi, na fidia kwa wategemezi. Katika ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wa mwezi. Aliyekuwa akipata shilingi 300,000 hupata 210,000. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mwajiri hupaswa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku saba. Akisuasua, majeruhi au ndugu yake apeleke taarifa mwenyewe, na asiache miezi 12 ipite.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni la kibarua: hana mkataba wa maandishi, analipwa jioni mkononi, je, naye ni mfanyakazi? Jibu limo katika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali aina ya mkataba, hadi ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata moja kati ya mambo kadhaa: anafanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine, saa zake za kazi hupangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 hazifiki siku sita za saa nane. Kibarua wa ghala anayeitwa mara mbili kwa wiki huzipita.

Anachokosa kibarua si haki, ni ushahidi. Kwa hiyo kila anayeitwa kazini aandike tarehe, jina la ghala, jina la aliyemwita, saa alizoingia na kutoka, na kiasi alicholipwa. Malipo yakipitia simu, ujumbe wa muamala usifutwe. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha kwa mwaka mzima, na ni vyema likae nyumbani mahali ambapo mke, mume au mzazi anapajua.